Ukwe Wangu na Chupa za Uyoga

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, hapa hapa Majengo.

Mnajua nahangaika kuotesha mbegu ya uyoga chumbani kwangu. Unachemsha mtama, unautia kwenye chupa, unapandikiza kipande cha uyoga, unasubiri. Mimi kila nikisubiri, naotesha ukungu wa kijani. (Kwa ukungu mimi ni bingwa wa mkoa.)

Nikasoma mtandaoni: tatizo ni vumbi na pumzi za watu. Wenye hela wananunua mashine ya kuchuja hewa. Sisi wengine tunatumia akili.

Basi leo nimefunga dirisha, nikaziba nyufa kwa magazeti. Nikatundika nailoni kuzunguka kitanda. Nikapiga deki kwa dawa ya kuua vijidudu mpaka macho yakatoa machozi. Nikachukua boksi la plastiki, nikalitoboa matundu mawili ya mikono, nikaweka chupa ndani, nikafunika. Nguo nazo zinabeba vumbi, kwa hiyo nikavua. Nikabaki na bukta, koti la mvua, glavu na kofia ya kuogea ya dada yangu. Ya maua. (Nyamazeni.)

Nimeshaingiza mikono kwenye boksi, makini kama daktari wa upasuaji, nasikia: "Hodi!"

Nikajua ni Deo, jirani yangu, amekuja kuazima pasi kama kawaida yake.

"Usiingie!"

"Kwa nini?"

"Wewe ni uchafu!"

"Mimi?"

"Wewe na ukoo wako wote! Umeoga?"

"Nimeoga asubuhi."

"Haitoshi! Rudi kwenu!"

Hapo nikasikia sauti ya kike: "Baba, ingia tu. Labda anaumwa."

Wenzangu! Ile ilikuwa sauti ya Odilia, mchumba wangu. Na mtu niliyemwambia ni uchafu, yeye na ukoo wake, alikuwa baba yake, Mzee Kasiano wa Kaengesa. Alikuja mjini kuuza ulezi, akaona apite aone binti yake ataolewa wapi.

Mlango ukafunguka. Upepo wa Ufipa mnaujua, haubishi hodi. Nailoni yote ikanidondokea kichwani.

Nikasimama kwa heshima. Boksi nalo likasimama na mimi, maana glavu zilikuwa zimenasa kwenye matundu. Nikapiga goti hivyo hivyo, boksi mbele kama mwuza karanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu, akiwa bado nje ya kizingiti. Akanusa harufu ya dawa. "Odilia, huku ndani amekufa nani?"

"Hakuna, baba," nikasema. "Ni uyoga."

"Uyoga umekufa?"

"Bado, baba. Ila ukiingia utakufa."

(Nilikusudia uyoga. Nimemweleza. Hakunielewa.)

Mzee akasogea, akainama juu ya boksi, akafunua mfuniko kwa kidole. Alikuwa ametoka kuvuta ugoro. Nikaona pua inakunjamana. Nikasema, "Baba, tafadhali..."

Akapiga chafya tatu. Zote ndani.

Akajifuta taratibu. "Odilia, twende. Tutarudi akipona."

Sasa hivi Odilia amenitumia ujumbe: "Baba anauliza, kwenu huo ugonjwa ni wa kurithi?"

Nimeandika majibu, nimefuta, nimeandika tena. Nawaomba msinicheke. Kama ni lazima, basi zibeni midomo kwanza.