Kamera ya Bei Mbaya

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya historia! Baba mkwe ametamka. Macho yamechoka, anastaafu. Ufunguo wa studio yake ya picha, taa, ubao wa mlangoni, vyote atampa mkwe mmoja kati ya wawili. Yaani mimi, au mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Hapo kuna mashindano kweli? Mwanyumba anauza misumari. Neno likimtoka kabla ya saa sita mchana, ujue duka linaungua. Tunamwita Kimya.

Mtihani ni Jumamosi, mama mkwe akitimiza miaka sabini. Kila mmoja aje na kamera ya filamu, ya kizamani, apige mkanda mmoja tu. Mzee atasafisha picha mwenyewe. Atakayemtoa mama vizuri, picha yake inatundikwa kwenye dirisha la studio na ufunguo ni wake. Tatizo moja. Mama mkwe hana hata picha moja nzuri. Mke wa mpiga picha! Akiona lenzi anakaza uso kama anayesubiri sindano. Mzee kajaribu maisha yake yote, kashindwa. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba hataki kufunga kazi bila picha ile. Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka kwamba atakayeipiga ni mimi. Nikatulia.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa fundi kamera. Alikuwa nazo mbili, na zinafanya kazi kwa namna moja. Huchungulii kwenye lenzi, unachungulia kidirisha cha juu yake, pembeni. Humo unamwona mtu mmoja kama wawili. Unazungusha lenzi mpaka hao wawili wawe mmoja, unabonyeza, umemaliza.

Ya kwanza nyeusi, ya plastiki, bei chee, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Ya pili chuma kitupu, imevikwa ngozi, nzito. Nilipoishika tu nikahisi nimekuwa mrefu. Fundi akasema picha zitafanana, jicho ni la mpigaji. Fundi gani huyu anayeharibu biashara yake mwenyewe? Akaongeza kwamba ile ya plastiki ina mfuniko wa kuteleza, ukiwa umefungwa kitufe hakibonyezeki ng'o. Nikacheka. Kamera inamwamrisha mwenye mali! Nikauliza, na hii yangu je? Akasema hiyo haikuzuii kitu, wewe bonyeza utakavyo. Hapo sasa! Hiyo ndiyo heshima.

Bei yake ni bei ya friji. Bahati nzuri friji ninayo.

Jumatano, 6 Agosti

Friji imekwenda. Mama watoto karudi kazini, kasimama jikoni mbele ya pengo, kauliza maziwa ya watoto yako wapi. Nikamwambia asitazame pengo, atazame mbele. Akauliza mbele wapi. Nikaiweka kamera mezani, taratibu, juu ya kitambaa. Hakuigusa. Alisema baba yake aliwasomesha wote kwa kamera iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikamjibu ndiyo maana mama yake hana picha. Sikupaswa kusema hivyo. Amelala chumba cha watoto.

Nampenda sana, lakini mambo ya chuma hayajui.

Alhamisi, 7 Agosti

Kimya kanunua ile ya plastiki! Nimemkuta nje ya duka lake anapiga picha paka. Anapoteza filamu kwa paka! Mimi nafanya mazoezi bila filamu, kitaalamu. Nikampa pole. Akasema inamtosha. Nikamwonesha yangu, nikamruhusu anuse ngozi, basi. Kushika, thubutu!

Nimeongeza kifuniko cha lenzi. Cha chuma, kinang'aa, kinabana barabara. Vumbi halipiti, wala vidole vya wauza misumari.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi!

Mama mkwe aliketi uani kwa gauni la buluu, uso ameukaza kama kawaida yake. Kimya akapiga mara mbili tatu, hola, uso uleule. Nikamwambia akae pembeni, ajifunze. Nikapiga goti. Nikachungulia kidirisha. Lo, mwanga ule! Mama wawili wakasogea, wakaungana, akabaki mama mmoja, safi, hadi uzi wa kola unaonekana. Nikabonyeza. Mama akanitazama, akaitazama kamera, akanitazama tena. Midomo ikaanza kucheza. Nikabonyeza. Akaziba mdomo kwa mkono. Nikabonyeza. Akashindwa kujizuia, akaangua kicheko mpaka machozi! Wakacheka wote, hata mke wangu ambaye hajacheka tangu friji iondoke. Baba mkwe peke yake, kutoka kwenye kiti chake cha mbali, akawa anauliza kuna nini, mbona haoni.

Kuna haiba, mzee. Mtu anazaliwa nayo.

Kimya kule pembeni akawa ananyooshea kidole kamera yangu, anatafuta neno. Wivu! Nikamwambia kila mtu ashughulike na yake. Mama mkwe naye akamkonyeza anyamaze, Kimya akarudia kubonyeza sabuni yake. Hata mama yuko upande wangu! Mkanda wote nimeumalizia kwake. Nimeanza kufikiria rangi ya kupaka studio.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mkwe katoka chumba cha giza na mikanda miwili. Akauinua wangu kwenye taa. Mtupu. Mwanzo hadi mwisho, unaweza kusomea gazeti ndani yake. Nikasema dawa imeharibika. Akauinua wa Kimya. Umejaa watu, na paka mmoja. Nikasema basi nimeuziwa filamu mbovu. Mzee akaniuliza kwa upole: baba, kifuniko ulikitoa?

Nikasema kifuniko gani.

Kisha nikakumbuka. Ukichungulia kidirishani unaona kila kitu, hata lenzi ikiwa imezibwa. Watu wakatazama sakafu. Mama mkwe akasema yeye alijua nimefanya makusudi, ili asiogope. Kamera imefumba jicho, aiogopee nini? Mwanangu ana akili huyu, akasema. Alisema kwa moyo wake wote, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Mzee akachapa picha moja ya Kimya kwenye karatasi, akaisogeza karibu na pua, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, ndiye huyu. Ndiye niliyemwoa. Akajifuta macho. Ufunguo kaupokea Kimya. Alinishika bega. Nikatoka nje kidogo.

Jumatano, 13 Agosti

Picha iko dirishani. Nimepita mbele ya studio, bila kukusudia, asubuhi na mchana na jioni. Mama mkwe anacheka, mdomo wazi, mzuri ajabu. Lakini pembeni yake ni nani yule, amepiga goti, kifua mbele? Mimi! Na mkononi? Chuma, ngozi, na kifuniko kinang'aa katikati!

Watu wanasimama. Wananyooshea kidole kamera yangu. Wanaitana waje waone. Mwanamke mmoja kacheka mpaka kajishikilia ukutani, kwa furaha. Hakuna hata mmoja anayeuliza Kimya alitumia kamera gani. Ile sabuni yake ingependeza dirishani? Wapi! Na bila mimi mama angecheka? Basi studio ni ya Kimya kwa ufunguo tu.

Nimekaa, nimefikiri kwa makini, nimeliona kosa lilipokuwa. Kifuniko kile kilikuwa cha bei chee. Fundi anacho kingine, cha shaba, kinafungwa kwa skrubu, ukikifunga hakitoki kirahisi. Tumeelewana. Nimempelekea jiko la gesi.

Mama watoto anarudi saa kumi na moja.