Rafiki wa Msanii na Jogoo wa Loyce

Kinyangiri nzima, hakuna aliyekuwa na rafiki mkubwa kama Mzee Melkizedeki. Rafiki yake alikuwa Fundi Mapenzi, msanii wa redioni! Tatizo dogo tu: msanii mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Ilianza kanisa lilipoamua kujenga urafiki na wasanii, ili vijana warudi kwenye mabenchi. Mchungaji Peniel akauliza nani anamfahamu msanii yeyote. Melkizedeki akasimama, akakohoa kama trekta asubuhi ya baridi, akatangaza kwamba yeye na Fundi wamekula sahani moja Singida mjini. Kweli walikaa meza za jirani kwenye hoteli ya stendi, lakini aliyekula naye sahani moja ni nzi. Mchungaji mwenyewe akampigia msanii simu, msanii akakubali, sifa akabeba Melkizedeki.

Jumamosi mkewe, Loyce, alimkuta bandani anamfunga miguu jogoo wake mwekundu. Jogoo huyo Loyce alimlea chini ya kitanda tangu kifaranga, na baada ya kideri, ugonjwa wa kuku, kupita ndiye peke yake aliyebaki kwa mitetea yake. Tena ndiye dume pekee nyumba ile aliyeamka mapema.

"Baba Gaspari, huyo si wako."

"Mgeni wangu nimpe maboga?"

"Na mitetea nibaki nayo na nani, wewe?"

"Mama Gaspari, mambo ya sanaa huyawezi."

Loyce akarudi jikoni. Hata koti la suti la mumewe lilinunuliwa kwa alizeti ya Loyce, na hakuwahi kusikia asante.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Mchungaji alipofika kwenye jina la mgeni alimeza mate, akasema tu "ndugu yetu Fundi". Melkizedeki akamkabidhi jogoo kwa mbwembwe. Msanii, kijana mdogo tu, akashukuru, akaeleza kwamba maisha yake ni safarini, hana pa kufugia kuku, akamtoa sadaka.

Na sadaka ya mifugo hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Ukiinua mkono, umepandisha bei. Hata watoto wanajua kwamba siku ya mnada hujikuni kichwa!

Mzee wa kanisa Alute akamwinua jogoo. Loyce akafungua pindo la khanga, penye noti yake moja, akainua mkono. Wote walijua jogoo ni wa nani, wakaficha mikono. Loyce akaanza kupumua.

Ndipo Fundi akageukia upande wao. Melkizedeki akampungia mkono, ili watu waone urafiki. Bei ikapanda. Msanii hakumwona, mzee akapunga miwili. Alute, mtu wa haki, akahesabu yote miwili. Melkizedeki akarukaruka, akapunga kama kinu cha upepo. Bei ikampita mbuzi, ikamchungulia ng'ombe!

"Amekwenda kwa Mzee Melkizedeki!"

Watu wakapiga makofi. Melkizedeki akainama kwa heshima, akidhani ni ya urafiki. Alipoelezwa, akapapasa mfuko, akatoa leso. Akanong'ona kwamba rafiki yake atamlipia. Alute akamwita msanii.

Kijana akamtazama Melkizedeki kwa huruma.

"Shikamoo, baba. Kumbe ulikuwa unanunua? Mimi nilidhani unafukuza nyuki."

Koti likabaki rehani kwa Alute mpaka mavuno ya alizeti, safari hii ya shamba la Melkizedeki mwenyewe. Loyce akambeba jogoo wake kwapani.

Njia nzima watu waliwapungia mikono. Loyce aliwajibu wote. Mumewe mikono yake ilikuwa mfukoni.