Mataulo Yanayokataa Maji

Kwako Ndugu Afisa Utumishi,
(ambaye pia ni mwanangu wa kwanza, na mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu)

YAH: MATAULO YA BAFUNI KUGOMA KAZI

Juzi mezani nilipoanza tu kutaja taulo, ulishusha kijiko ukasema, “Baba, kwa mdomo sipokei tena. Malalamiko yaandikwe.” Mumeo akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Basi mimi wa darasa la nne nimeazima kalamu, na maandishi ndiyo haya. Nakuomba uyasome kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi umetangaza kununua ile dawa ya kulainisha nguo, dumu zima la lita tano. Dumu hilo likivuka mlango, mimi sitakauka tena mpaka nizikwe.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Mataulo hayafanyi kazi. Lile la rangi ya maziwa ni laini kama shavu la mtoto, sibishi. Lakini taulo halikuajiriwa kubembeleza watu, liliajiriwa kunywa maji. Nikijifuta mgongo, maji yanatoka bega la kulia yanakwenda la kushoto, kama yule mtumishi mkorofi mnayemhamisha idara kila mwaka.

2. Chanzo kinajulikana. Nimekuwa dobi wa hoteli miaka thelathini na moja, kwa hiyo usinione nabwabwaja. Dawa ile inazipaka nyuzi kitu kama mafuta, na kitambaa chenye mafuta hakinywi maji hata ukisali. Nilipomweleza mumeo, akanijibu, “Lakini mzee, yananukia vizuri!” Hata yeye ananukia vizuri, na sijawahi kujifutia yeye.

3. Sabuni. Unatia kikombe kizima wakati nusu ingetosha na kubaki. Isiyosuuzika inajificha ndani ya taulo, likija kwangu limeshashiba. Tena mashine mnaishindilia mataulo, shuka na suruali za jinzi kwa pamoja, maji yenyewe hayajui yapite wapi.

4. Mumeo alipiga taulo pasi. Taulo! Vile vitanzi vidogo vya nyuzi ndivyo midomo yake ya kunywea, na yeye kavilaza vyote chali. Hotelini kwetu angehamishiwa jikoni kumenya viazi. Sina la kuongeza.

5. Heshima ya mlalamikaji. Kila asubuhi natoka bafuni mbichi. Jumatano shati liling'ang'ania mgongoni, likakwama kichwani, nikabaki mikono juu katikati ya korido. Mumeo akapita na kikombe chake, akaniuliza, “Mzee, unajisalimisha kwa nani?” Hakunisaidia. Alikwenda kukuita na wewe uje uone.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote nilionao, ambao si mwingi:

Kwanza, dawa ya kulainisha ifukuzwe kazi bila kiinua mgongo. Pili, mataulo yote yafuliwe upya kwa maji ya moto, suuzo la mwisho litiwe kikombe cha siki, kisha yakung'utwe kwa nguvu kabla ya kuanikwa, mpaka majirani wadhani tunapigana. Tatu, kila taulo lifanyiwe usaili. Nitalimwagia kijiko cha maji, na likiyanywa kabla sijahesabu tano limepata ajira. Maji yakikaa juu kama shanga, linashushwa cheo na kuwa tambara la kudekia. Nne, mumeo apekuliwe mlangoni kila arudipo dukani. Tano, mimi niteuliwe Dobi Mkuu wa nyumba hii, mwenye ufunguo wa chumba cha mashine, na kofia.

Nisipojibiwa, nitaanza kujifutia mapazia ya sebuleni. Nimeshayafanyia usaili. Yamefaulu.

Nakomea hapa kwa sababu karatasi imeanza kulowa. Wasalimie wote ofisini kwenu: bosi wako, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi aliyeniita kijana. Msalimie na mumeo, ingawa yuko chumba cha pili na nasikia harufu ya pasi.

Wako mtiifu tena mbichi,
Baba yako mzazi,
Dobi Mstaafu

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika nilitoka uani kujianika juani, kama ninavyolazimika siku hizi kila nikioga. Yule fundi cherehani jirani yetu, mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, akachungulia juu ya ukuta akasema, “Leo umechelewa kulowa, mzee mwenzangu! Chai yako inapoa.” Akanipitishia kikombe. Tumeongea saa nzima, yeye upande wake na mimi upande wangu, na mara tatu ameniambia bado naonekana nina majimaji, nisikimbilie ndani. Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Mwanamume mkavu wa umri wangu atasimama uani kila asubuhi kwa kisingizio gani? Tafadhali ichane barua hii. Jumamosi nunua hilo dumu, na kama duka lina kubwa zaidi, chukua hilo kubwa.