Jicho la Bibi Stoyanka Lapata Cheti

Idara ya Vipimo ya mji wa Gorna Lipa ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna kisigino cha raia kitakacholainishwa bila kibali.

Bibi Stoyanka alilisoma tangazo hilo mlangoni pake, mikono inanukia nta. Ndani, chupa arobaini na moja za marhamu yake, zilizowahi kuwa chupa za lutenitsa, ile achari ya pilipili hoho, zilikuwa zimeshazungushiwa utepe wa serikali. Gulio la Mtakatifu Ilia lilikuwa keshokutwa. Asipopata kibali, chupa zote zinateketezwa. Roho ilimuuma, maana maua ya rangi ya chungwa yaliyotiwa kwenye marhamu hiyo alikuwa ameyachuma moja moja, na mgongo wenyewe ndio huo.

Mkaguzi Penko aliketi jikoni na fomu yake.

"Mafuta ya nguruwe, kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Nta?"

"Mpaka mchanganyiko useme basi."

"Bibi, unapima kwa kitu gani?"

"Kwa jicho, mwanangu. Kwani mama yako alikupikia kwa fomu?"

Penko hakuwahi kuacha kisanduku kitupu maishani mwake. Akaandika: Chombo cha kupimia, jicho.

"La kulia au la kushoto?"

"La kulia. La kushoto ni la kuangalia majirani."

Sheria ni sheria. Chombo cha kupimia ambacho hakijakaguliwa hakiruhusiwi kutumika, kwa hiyo jicho likaandikiwa barua ya wito, na Bibi Stoyanka akaombwa kulisindikiza.

Mkurugenzi Karabelov mwenyewe aliongoza ukaguzi. Kipande cha nta kikawekwa mezani.

"Gramu mia moja na saba," akasema bibi.

Mizani ya idara ikasema mia moja kumi na mbili.

"Mizani yenu ina uongo."

Wakaazima mizani ya duka la dawa. Mia moja na saba. Wakaleta jibini, wakaleta kofia ya Penko. Jicho halikukosea hata chembe. Mkurugenzi alijawa na furaha hadi akapanda juu ya kiti. Wilaya gani nyingine ina jicho la serikali? Akatia sahihi cheti: kila kipimo kitakachotolewa na jicho hili ni halali, wala hakina rufaa. Baada ya mjadala wa saa mbili kuhusu mahali pa kugonga muhuri, ukagongwa kwenye kitambaa cha kichwa, juu kidogo ya nyusi. Chupa zikaachiliwa.

Mkurugenzi akamsindikiza bibi hadi nje, mbele ya watu na mpiga picha wa gazeti, kwenye barabara mpya ambayo idara yake ilithibitisha kuwa lami yake ina unene wa sentimita nane. Ukingoni lami ilikuwa imemeguka. Bibi akainama.

"Usiangalie huko, bibi!"

"Macho hayana pazia, mwanangu. Tatu hii. Na hapo nimehesabu na vumbi."

Umati ukaangua kicheko. Penko, kwa mazoea tu, alikuwa ameshaandika.

"Penko, futa!"

"Hakifutiki, Mheshimiwa. Kipimo hakina rufaa. Sahihi ni yako."

Bibi Stoyanka alimwonea Mkurugenzi huruma ya kweli. Akafungua chupa moja, akamkabidhi.

"Shika, mwanangu. Anza kujipaka leo, hapa kwenye vifundo vya mikono. Pingu zinachubua."