Mbwa Aliyetambua Dhahabu kwa Makalio

Prosper alikuwa amesimama Mwigobero, soko la samaki ufukweni Musoma, asubuhi, hana kazi na amevaa viatu vilivyochongoka, alipomwona mbwa akitembea kwa makalio.

Msidhani naongeza chumvi. Mbwa alikaa kitako, akainua miguu ya nyuma, akajivuta kwa ile ya mbele pembeni ya dagaa walioanikwa, kutoka turubai la Mama Ghati, mwenye dagaa hao, mpaka kwenye mitumbwi. Alipofika akajilamba chini ya mkia, akageuka, akaanza safari ya kurudi. Wateja wakaziba pua.

"Shikamoo, Mama Ghati. Huyu mbwa wako ana nini?"

"Marahaba. Wiki ya pili hii. Bwana mifugo kasema ana tezi mbili huko nyuma, zimejaa, zinataka kubinywa. Nikamwambia, baba, mimi nabinyaga limao tu."

"Anaitwa nani?"

"Meneja."

"Nipe mimi nimpeleke kwa mtaalamu."

"Mchukue moja kwa moja. Watu wananiuliza kama dagaa wangu ni wa mwaka juzi."

Mtu mwingine angeona mbwa mgonjwa. Prosper aliona ng'ombe sita. Na ng'ombe alikuwa anawahitaji kweli, tusimsingizie. Alikuwa ameishi na Stellah pale Musoma miaka miwili bila kutoa hata kwato. Mwezi huo baba yake Stellah, Mzee Keraryo wa Bunda, akamwita binti yake nyumbani na kutuma neno: ng'ombe sita wafike kabla ya jua la Jumapili kuzama, la sivyo kijana asahau njia. Prosper alishawahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu na akala akashiba siku hiyo hiyo. Lakini tangu Stellah aondoke, hata chai ilikuwa haimshuki.

Basi Jumatano akatokea Butiama, amefunga Meneja kamba, nyumbani kwa Mzee Magige. Magige alikuwa na mifugo mingi na shimo moja la dhahabu kule Buhemba, ambalo lilikuwa limemmeza miaka minne na kumtemea vumbi.

"Mzee wangu, umewahi kuona mbwa wa dhahabu?"

"Wa rangi?"

"Wa kazi. Wengine wananusa kwa pua. Pua inadanganyika, kuna nyama, kuna upepo. Huyu anatumia sehemu isiyodanganyika."

Meneja, kama aliyelipwa posho, akakaa chini na kujiburuza hatua tano katikati ya uwanja. Prosper akachimba pale pale, akaosha udongo kwenye karai, na kutoka kwenye ukucha wa kidole kidogo akadondosha punje moja ya dhahabu halisi, mali yake pekee duniani. Ikametameta.

Magige akaichukua, akaing'ata, akaitia mfukoni.

"Imetoka uwanjani kwangu," alisema.

Prosper akameza mate. Biashara ina gharama zake.

"Sasa huyu mbwa unamtakia nini?"

"Ng'ombe sita."

"Sita! Kwa mbwa?"

"Kwa mbwa ungenipa kuku, mzee. Hapa unalipia makalio."

Kibarazani, mama yake Magige, Bibi Dorkas, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kitendawili," alisema.

"Mama, tuko kwenye biashara."

"Kitendawili!"

"Tega," wakaitika wote wawili, maana Bibi Dorkas haachi.

"Nina vikoba viwili mlango wa nyuma. Vikijaa, mwenye nyumba hakai akatulia."

Prosper alisikia jasho likianza safari mgongoni. "Tumeshindwa, bibi."

"Nipeni mji."

"Chukua Musoma."

"Nimekwenda Musoma, nimekula sato, hata mfupa sikuwaachia. Jibu ni huyo mbwa wenu. Leteni maji ya uvuguvugu."

Akavaa glovu alizohifadhi toka siku mjukuu alipozaliwa. Magige akaambiwa ashike kichwa. Prosper, kwa kuwa ndiye mwenye mbwa, akapewa mkia. Bibi akafunika mahali penyewe kwa kitambaa kilicholowa, akaweka kidole gumba huku na cha shahada kule, chini kidogo ya njia, akabinya taratibu kuelekea nje kama mtu anayemalizia dawa ya meno. Vikatoka vitu vya kahawia, vizito kama uji uliolala, vyenye harufu ya samaki aliyesahaulika ndani ya gari. Magige akaachia kichwa na kwenda kusimama barabarani. Prosper hakuwa na ruhusa.

"Shika mkia, kijana. Bado cha kushoto."

"Nimeshika, bibi."

"Usifungue mdomo."

Alipomaliza akamwosha mbwa, akamkausha. "Habinywi kwa nguvu, wala kila siku. Mkiona damu au uvimbe, hapo si kwangu, muiteni bwana mifugo. Na kwenye chakula muwekeeni boga la kuchemsha na pumba kidogo. Choo kikikaza kiasi, kinazikamua chenyewe kikipita."

Meneja akajikung'uta. Akakaa kitako, akatulia kama mzee wa kanisa wakati wa matangazo, akafumba macho.

Magige akarudi, amebana pua. "Mbona hajiburuzi tena?"

"Uwanja wako umeishiwa dhahabu, mzee. Mbwa mkweli huyu, hawezi kukudanganya."

Bibi Dorkas akanyoosha kile kitambaa. "Dhahabu yenu hii hapa. Gawaneni."

Prosper aliona Jumapili inamjia mbio, naye mkononi hana kitu zaidi ya harufu. Akatumia silaha ambayo hakuwahi kuitumia maishani: akasema kweli.

"Mzee Magige, nisaidie. Ni mahari. Mzee Keraryo wa Bunda, yule mwenye mashine ya kusaga, anataka sita kwa ajili ya Stellah. Jumapili ikipita, mke sina."

"Keraryo wa Bunda," Magige alirudia polepole. "Mwenye mwanya?"

"Huyo huyo."

Magige akamtazama mama yake. Mama akarudi kwenye maharage.

"Sasa si ungesema toka mwanzo? Nyie vijana mnazungukaga sana! Chukua sita, niachie mbwa. Atalinda zizi. Ila tuandikishane: hakuna kurudishana."

"Hakuna kurudishana!" Prosper alidakia, kabla mzee hajapata akili.

Wakaandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Prosper akaswaga ng'ombe siku tatu, huku viatu vikifunguka midomo mmoja baada ya mwingine, na moyoni akiwahurumia watu wa Butiama kwa wepesi wao. Ng'ombe wenyewe hawakumpa taabu hata kidogo. Kila njia panda walikata kona bila kuambiwa.

Jumamosi mchana wakafika Bunda. Ng'ombe wakampita Mzee Keraryo mlangoni, wakaingia zizini kila mmoja mahali pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Keraryo alikuwa anatazama zizi. "Mabaka!" aliita. Ng'ombe mwenye mabaka akageuza kichwa. "Kijana, hawa umewatoa wapi?"

"Jasho langu, baba."

"Jasho." Keraryo akashika sikio la Mabaka, akaonyesha pengo dogo ukingoni. "Alama hii nimeikata mimi. Niliwawekesha hawa kwa Magige mwaka wa ukame, malisho yalipokwisha hapa. Toka mavuno namwambia anirudishie. Mara mguu unamuuma, mara hana mtu wa kuwaswaga."

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Wamefika?" sauti ya Magige ilisikika, imejaa furaha. "Nimekutafutia kijana mwaminifu, hata nauli hakuomba! Mimi nimebaki na mbwa wake tu, mama kampenda."

Prosper alifungua mdomo. Kusema ametapeliwa, lazima kwanza aeleze habari ya makalio. Akaufunga.

Keraryo akawakagua ng'ombe mmoja mmoja, kwato kwa kwato. "Hakuna anayechechemea. Mchungaji wangu kanikimbia, kaenda Buhemba kutafuta utajiri. Kwangu mchungaji analipwa ndama mmoja kwa mwaka."

Prosper akahesabu vidole. Mkono mmoja haukutosha.

"Baba, hiyo ni miaka sita."

"Hesabu unajua. Ndama hao watakuwa mahari, na humu humu zizini watakaa. Nitawaona."

Stellah alikuwa amesimama mlangoni, anatazama vile viatu.

"Umetembea toka Butiama?"

"Nimetembea."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako." Ilikuwa mara ya pili kusema kweli wiki hiyo, na bado alikuwa hajaizoea.

Stellah akaingia ndani, akatoka na suruali mbili kuukuu za Prosper, zimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Hizo si ziko Musoma?"

"Nilizifungasha siku naondoka. Kwamba utaleta ng'ombe nilijua. Nilichokuwa sijui ni wa nani." Akamwekea suruali begani. "Vaa. Hawa wanakunywaga maji kabla jua halijatoka."