Kimya Hadi Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha mtandao wetu wa asasi na vyuo. Kichwa kinaniuma mpaka kwenye meno.

Ijumaa, Tume inayoandaa kanuni za akili mnemba itasikiliza maoni. Sisi imetupa kiti kimoja. Kimoja! Asasi za kiraia na vyuo vikuu vyote tulioungana kwa jina refu ambalo bango letu limeshindwa kulimaliza. Nani akikalie hicho kiti? Mimi, bila shaka. Mimi ndiye mratibu. Mratibu wa muda, sawa, lakini muda wenyewe umeingia mwaka wa tatu na hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Leo tulipaswa kupitisha tamko letu la pamoja. Hatukupitisha hata salamu. Profesa Tanbihi (jina nimempa mimi, maana hawezi kuomba chai bila kutaja chanzo) alisema neno “mashine” katika ibara ya kwanza halijafasiliwa. Mama Mabango, kiongozi wa muungano wa asasi za kina mama, akasema watu wananyimwa vitanda vya hospitali na mashine hizo hizo, na profesa amekaa anatafuta fasili. Profesa akasema hasira si hoja. Mama Mabango akasema tanbihi nazo hazijawahi kumlaza mgonjwa kitandani. Nusu ya chumba ikapiga makofi. Nusu ikaandika.

Niliomba tupige kura. Wanazuoni wakasema ukweli hauamuliwi kwa kura. Asasi zikasema haziwezi kupiga kura kabla hazijarudi kwa wanachama wao. Tukaahirisha. Watu wazima, wenye shahada, wenye miwani! Afadhali ningesomea ufugaji wa nyuki.

Ibara ya tano peke yake ndiyo iliyopita bila ugomvi. Inasema mashine yoyote isihesabu kimya cha mtu kuwa ni ridhaa yake. Ibara nzuri sana. Nimeiandika mimi. Yaani Mama Mabango aliitamka, mimi nikaichapa.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa yao! Imenijia nikiwa napiga mswaki.

Watu hawa hawawezi kukubaliana wakisema. Basi na wakubaliane bila kusema. Asubuhi nimeandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuanzia leo pendekezo lolote likiwekwa pale, atakayekuwa kimya hadi saa kumi na moja jioni atahesabiwa amekubali. Na pendekezo hilo lenyewe lipite kwa utaratibu huo huo. Nimeuita Kanuni ya Kimya.

Siku nimeichagua kwa akili. Wanazuoni wanasimamia mitihani, simu zimezimwa mikobani. Asasi ziko kwenye warsha ya kujengewa uwezo, na mwezeshaji wao ni yule bibi mkali anayekusanya simu mlangoni kwenye kapu. Saa kumi na moja ilipofika: kimya. Si kikohozi, si kidole gumba. Imepita!

Chini ya tangazo hilo, katikati ya maelezo marefu kuhusu maegesho ya magari, nilikuwa nimepachika mapendekezo mengine mawili. Tamko lipite lilivyo. Msemaji wa mtandao siku ya Ijumaa awe mratibu. Yamepita yote, kwa kauli moja. Hapo hapo nikaipelekea Tume barua yenye jina langu, nikaambatisha na Kanuni ya Kimya ili wajue wanashughulika na watu makini.

Wakati wa chakula nilimweleza mke wangu. Nilitegemea sifa, na sifa nikapata. Aliacha kula, akaniuliza kama kanuni hiyo inafanya kazi popote. Nikamwambia popote penye maamuzi magumu na watu wagumu. Akasema ni kanuni nzuri mno. Nilioa mwanamke mwenye akili.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nimelinyamazisha kundi. Haiwezekani kuandika hotuba ya kihistoria huku simu inatetemeka kila mara kwa picha za waridi, sala ndefu na video ya mbuzi anayecheza. Siku nzima nikaandika kwa utulivu mkubwa.

Natoka chumbani jioni, namkuta mama mkwe sebuleni. Na masanduku! Alikuwa amesimama mlangoni akilisalimia koti langu lililotundikwa kwa heshima zote, analiuliza habari za kazi na mbona limekonda.

Nilimvuta mke wangu jikoni, nikamuuliza nani ameruhusu. Akasema mimi. Eti asubuhi, wakati nikiandika, aliniuliza kama mama anaweza kuja kukaa nasi katika chumba changu cha kazi mpaka macho yake yapone. Sikumjibu. Akasubiri kiungwana hadi saa kumi na moja. Nikamwambia hiyo ni hila. Akasema hapana, ni kauli moja. Nikaenda kuhamisha makaratasi yangu nikiwa nimefura kama andazi.

Baada ya chai mama mkwe alieleza shida yake. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa na zamu ya kupasuliwa. Lakini hospitali yao imeweka mashine ya kupanga zamu, na mashine hiyo ikamtumia ujumbe kwenye simu kwamba asipojibu itahesabiwa amejitoa. Atausoma vipi ujumbe, na shida ni macho? Akakaa kimya kwa sababu hakujua ameulizwa. Alipofika hospitalini kwa zamu yake, akiwa na kanga mpya na soksi za kulalia, akaambiwa amejitoa kwa hiari. Sasa amepangwa nyuma, anasema, nyuma ya watu ambao hawajaanza hata kuugua. Cherehani anayojipatia riziki ameifunika shuka. Daktari alimwonya asikawie, maana jicho la kushoto limeshaanza kufa.

Machozi yalinilenga. Mashine isiyo na haya! Kuchukua kimya cha mama mtu mzima na kukigeuza kuwa ridhaa! Ni mfano bora kabisa wa ibara ya tano. Nimeuweka mwanzoni mwa hotuba. Nilipomsomea mke wangu aliniangalia muda mrefu bila kusema neno. Fahari, nadhani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwisha.

Mchana Katibu wa Tume alinipigia kuuliza kulikoni. Eti tumempelekea wasemaji watatu. Watatu gani? Nikafungua kundi. Jana asubuhi, chini tu ya yule mbuzi, Profesa Tanbihi aliweka pendekezo lenye tanbihi nne kwamba msemaji awe yeye. Baadaye kidogo Mama Mabango akaweka lake, kwa herufi kubwa, kwamba msemaji awe yeye. Hakuna aliyepinga lolote. Watu wote walikuwa wamelinyamazisha kundi! Na nimeuliza mmoja mmoja: wengi wanasema walilinyamazisha kwa sababu ya matangazo yangu. Mimi mwenyewe nilikaa kimya. Nimejiuzulu mara mbili kwa siku moja na sikujua.

Basi tuna wasemaji watatu, kila mmoja kwa kauli moja, na kila mmoja ameiandikia Tume.

Si hilo tu. Jana usiku Katibu alinitumia ujumbe tuchague mmoja, na nisipojibu hadi leo saa sita mchana atahesabu mtandao umejitoa. Niliusoma wakati naongea naye, na saa sita ilishapita. Kiti wamepewa wauzaji wa mashine zenyewe. Wauzaji! Nikamwambia huu ni uonevu, mtu hawezi kuhesabiwa amejitoa eti kwa sababu hakujibu ujumbe. Akasema anakubaliana nami kabisa, na hata ibara yetu ya tano inasema hivyo. Ila utaratibu huu wameutoa kwenye barua yangu ya Jumanne. Ofisi nzima imeupenda. Unaokoa muda sana.

Nikawapigia wenzangu. Profesa alisema kwa mujibu wa kanuni yangu, aya ya kwanza, yeye bado ni msemaji, iwe kiti kipo au hakipo. Mama Mabango alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kina mama walioachwa nje ya milango ya hospitali nani atawasemea kesho. Hilo liliniuma, nakiri. Liliniuma hadi nikashindwa kumaliza chai.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimesoma tangazo la Tume vizuri: mwishoni mwa kikao mwananchi yeyote mwenye kisa chake anaweza kujiandikisha mlangoni na kusema kidogo. Mwananchi ninaye, yuko chumbani kwangu, amelalia kiti changu cha kazi. Nitamshika mkono kumpeleka mbele, kwa kuwa haoni. Na kwa kuwa haoni, nitamsomea. Nitakachosoma ni hotuba yangu!

Mama mkwe alikataa. Alisema hana habari na tume wala mikutano. Nikamwambia basi tunakwenda kuwaona wakubwa wanaohusika na zamu yake. Akaomba apigiwe kanga pasi.

Ijumaa, 13 Juni

Ukumbi ulijaa. Wauzaji walikaa kwenye kiti chetu na kusema mashine zao zina huruma kuliko binadamu. Sisi wasemaji watatu tulikaa nyuma, benchi moja, hatusalimiani, kila mtu na hotuba yake mapajani.

Jina la mama mkwe likaitwa. Nikamwongoza hadi mbele, nikakohoa, nikafungua makaratasi. Mwenyekiti wa Tume akaniambia aliyejiandikisha ndiye atakayesema, mimi nikae. Nikasema ni macho yake. Akasema hatujamwita kusoma. Nikakaa! Mbele ya watu wote!

Mama mkwe akabaki peke yake na kipaza sauti. Kumbe yale maneno yangu ya jana aliyachukua kama yalivyo. Alidhani yuko hospitalini na Mwenyekiti ni daktari mkuu. Akamwamkia vizuri, akamuuliza kosa lake ni nini. Akasema hakujitoa. Alikaa kimya kwa sababu hakusikia akiulizwa, na je, daktari huyu akipita wodini, mgonjwa aliyelala asipomwitikia salamu humfukuza kitandani? Kisha akaanza kulia. Akasema anaogopa giza, na akaomba daktari asogee alione jicho lenyewe.

Watu walikuwa wamecheka mwanzoni. Sasa hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alishuka kwenye jukwaa, akasogea, akaliangalia jicho. Akasema kwa upole kwamba yeye si daktari. Mama mkwe akamuuliza kama si daktari kwa nini amekaa juu hivyo.

Mwenyekiti aliporudi kitini hakuketi. Aliagiza ibara yetu ya tano iingizwe kwenye rasimu jioni hii hii. Ofisa wa hospitali, aliyekuwa amekuja kusifu mashine yao, alitoka kwenye safu yake akiwa anatokwa jasho. Akamwahidi mama mkwe zamu ya karibuni kabisa. Jina lake litaitwa ndani ya siku chache, athibitishe tu. Akaomba namba ya kumpata. Mama mkwe akampa yangu, kwa kuwa ujumbe wa kwake hawezi kuusoma, na simu yangu haitoki mkononi. Mimi sikuwa na nafasi ya kubishana. Nilikuwa namfukuzia mpiga picha.

Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Profesa Tanbihi na Mama Mabango walikuwa mgahawani, wamemweka mama mkwe katikati, wanapitia tamko. Walimaliza ibara zote kabla birika halijapoa. “Mashine” imepata fasili, na fasili imeandikwa na Mama Mabango. Bila mimi! Bila uratibu wowote!

Jumapili, 15 Juni

Shukrani ya punda! Wameitisha uchaguzi wa mratibu wa kudumu. Wa kupiga kura, kwa mikono, mchana kweupe.

Nimetafakari kwa kina na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kanuni ya Kimya haikuwa na kasoro hata moja. Kasoro ni kwamba niliwaachia na wengine waitumie. Kwa hiyo leo nimeanzisha mtandao mpya, wa kuratibu mitandao yote, na humo mwenye kuweka mapendekezo ni mratibu peke yake. Nimewaingiza watu wote bila kuwasumbua kwa maswali. Pendekezo la kwanza: mratibu wa maisha. Mpaka sasa hakuna aliyepinga.

Kinachonikera ni simu. Namba ngeni ilileta ujumbe jana, ikaleta leo asubuhi, na mchana huu tena, katikati ya kuandika katiba. “Tafadhali thibitisha kabla ya...” Sikufika mwisho. Matangazo tu! Watu hawana adabu hata Jumapili. Nimeifungia namba hiyo.

Mama mkwe amepapasa ukuta mpaka mlangoni kwangu kuuliza kama hospitali wamepiga. Mkoba wake ameshaufunga, na zile soksi ziko juu. Mimi si mtu wa kumdanganya mama mkwe. Nimemjibu ukweli, kwamba hakuna aliyepiga.

Amenishukuru, akaniomba tu nisikae mbali na simu. Mbali na simu! Mimi!