Chini ya Mkanda wa Mkuu

"Chuo kina furaha kubwa kuwatangazia wote kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, wanafunzi wake watakuwa wa aina mbalimbali."

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao karibu na bwalo, likapigwa muhuri mara mbili kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa geni. Mpaka Ijumaa hiyo wanafunzi walikuwa wanafunzi tu: walipanga foleni, walikaa na vitabu vya maktaba kupita muda, walisinzia katika kipindi cha baada ya chakula. Sasa wizara ilikuwa imeuliza chuo kinasherehekea vipi utofauti wao, na chuo hakikutaka kujibu kwamba kilikuwa hakijauona.

Aliyeandika tangazo ni Kaimu Mlezi wa Wanafunzi. Watu walimwita Kaimu, na walikuwa wamemwita hivyo muda mrefu kiasi kwamba hata mkewe alipotaka sukari alisema, "Kaimu, pitia dukani." Yeye mwenyewe hakulipenda neno hilo. Kwenye mlango wa ofisi yake maneno "Mlezi wa Wanafunzi" yalikuwa ya rangi, lakini "Kaimu" lilikuwa limeandikwa kwa chaki, maana wakati ule ilionekana ni la wiki mbili tatu. Kila lilipofutika alitakiwa aliandike upya kwa mkono wake. Sasa Mkuu wa Chuo alimwambia waziwazi: picha za wanafunzi zikipendeza, mgeni rasmi kutoka wizarani atatia saini barua ya kumthibitisha, na chaki itafutwa. Zisipopendeza, atafutwa mwenye chaki.

Ikaundwa Kamati ya Kusherehekea Utofauti. Wajumbe wake walikuwa wanaume wa makamo, waliosoma darasa moja, wenye suti za rangi ya majivu kutoka kwa fundi mmoja. Katika kikao cha kwanza mhudumu wa chai alimpa mjumbe mmoja vikombe viwili na mwingine akamruka kabisa, kisha akaomba radhi akisema, "Nilidhani nimeshakupa wewe." Kamati ilimsamehe na kuendelea na ajenda.

Aliitwa mpiga picha wa getini, mwanamke aliyezoea kupiga picha za vitambulisho.

"Mnataka picha za pasipoti?" akauliza.

"Hapana," Kaimu akasema. "Tunataka picha za nafsi."

"Sawa. Nafsi itazame kamera au itazame pembeni?"

Suala hilo likapelekwa kamati ndogo. Ilipochelewa kurudi, mpiga picha akaanza kazi bila majibu, na ndiyo maana picha zilitoka nzuri.

Utaratibu ulikuwa kwamba kila mwanafunzi aje na kitu kinachomweleza, na aandike sentensi moja ya kuwekwa chini ya picha yake, isiyozidi ukweli unaohitajika. Binti wa idara ya uchomeleaji alikuja na ngao ya uso na akakataa kuifunua. Kamati ikamuuliza utofauti wake utaonekanaje ikiwa uso hauonekani. "Huko ndiko kuonekana kwenyewe," akajibu, akaganda. Kijana anayelinda maduka usiku alikuja na tochi, akakaa kwenye stuli, akalala fofofo, akapigwa vivyo hivyo. Mapacha walikataa kupigwa pamoja, wakidai hawafanani hata kidogo. Kamati iliwatazama, ikajitazama yenyewe, ikaomba muda wa kutafakari.

Kisha akaingia Shangazi, na hapo Kaimu akainamia orodha ya majina.

Alikuwa shangazi wa kweli, dada wa baba yake. Ndiye aliyemlea Kaimu tangu hajui kufunga kamba za viatu, akamsomesha kwa kushona sare za shule kibarazani mpaka cherehani ikalegea kanyagio. Alipomaliza kusomesha wa watu, akakata shauri kujisomesha mwenyewe, akajiandikisha mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliozaliwa akiwa tayari na miwani. Chuoni hakuna aliyejua undugu wao. Siku ya kwanza kabisa Kaimu alimvuta nyuma ya maktaba.

"Shangazi, hapa ni kazini. Naomba usiniite mwanangu."

"Nikuiteje?"

"Kaimu."

Alimtazama kidogo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya, Kaimu."

Tangu hapo wakipishana ukumbini Shangazi alisema, "Hujambo, Kaimu," naye akajibu kama anavyojibiwa mwananchi yeyote, "Sijambo, endelea." Ilimuuma. Aliuita uchungu huo mgongano wa maslahi, na kuupa jina la kiofisi kulimpunguzia kidogo.

Siku ya picha Shangazi alikaa wima, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Sentensi yake ilisomeka hivi: "Nimemlea kiongozi mmoja wa chuo hiki; sasa nimekuja mwenyewe kuona walimfundisha nini."

Kaimu aliisoma mara mbili.

"Shangazi, hii sentensi..."

"Ina kosa?"

"Haina."

"Inazidi ukweli?"

"Haizidi."

"Basi ibandike, Kaimu."

Ikabaki kazi ya kuzitundika. Ukuta pekee uliofaa ulikuwa wa ukumbi mrefu wa jengo la utawala, na ukuta huo ulikuwa na mwenyewe. Picha ya Mkuu ilitundikwa hapo, kubwa kama mlango. Mkuu ni mtu mfupi, na aliagiza iwekwe pale ambapo macho ya kwenye picha yanakutana na yake. Kila asubuhi alisimama mbele yake, akakaza tai, akajitazama usoni, akatikisa kichwa kukubaliana na jambo fulani, kisha akaenda kuongoza. Ukingo wa chini wa fremu ulimfika kwenye mkanda wa suruali. Na waraka, uliotiwa saini na yeye mwenyewe, ulisema bila kumung'unya maneno: picha ya mtu mwingine isitundikwe juu ya picha ya Mkuu wala sambamba nayo.

"Basi zikae chini," akasema mjumbe mmoja.

"Chini wapi?" akauliza mwingine, au huenda ni yuleyule.

"Chini ya mkanda."

"Mkanda wa nani?"

"Wa Mkuu. Kuna mwingine?"

Kaimu angeweza kupinga. Lakini alifikiri juu ya sentensi ya Shangazi, akaona kwamba katika kimo hicho, na kwa ukubwa ule wa herufi, hakuna mwenye suruali iliyopigwa pasi atakayeisoma. Akanyoosha mkono wa kuunga hoja kabla hoja haijaisha.

Shangazi alikuja kutazama siku picha zilipotundikwa. Aliinama, akashika kiuno.

"Umenitundika hapa?"

"Ni kwa mujibu wa waraka."

"Hapa nitatazamwa na nani, na paka? Watoto wa darasani kwangu nimewaambia waje wanione."

"Ni kwa muda tu, Shangazi."

"Kama ile chaki yako," akasema, na kuondoka zake. Kaimu alitaka kumkimbilia. Hakumkimbilia. Alibaki ananyoosha fremu iliyokuwa imenyooka tayari.

Siku ikafika. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa mnyororo. Mkuu alimtangulia ukumbini akiwa na hotuba nene mkononi, Kamati nyuma yao kwa mstari, na wanafunzi wamerundikwa mwisho wa ukumbi ambako walikuwa wameelekezwa wafurahi.

"Hapa, Mheshimiwa, ndipo tunapowaenzi wanafunzi wetu," Mkuu akasema.

Mheshimiwa akatazama ukuta, akamwona Mkuu. Akatazama kushoto, akaona rangi ya ukuta.

"Wako wapi?"

"Chini kidogo, Mheshimiwa."

"Aa. Na haya maandishi?"

"Muhtasari wake umo kwenye hotuba yangu."

"Nitasoma mwenyewe."

Akainama, hakuona. Akainama zaidi, bado. Mwishowe akamkabidhi msaidizi mkoba, akapiga magoti.

Itifaki inaeleza vizuri cha kufanya mgeni rasmi akisimama, na cha kufanya akikaa. Kuhusu magoti haisemi lolote, lakini watu wa itifaki hawana haja ya kuambiwa: hakuna anayeruhusiwa kuwa mrefu kuliko mgeni rasmi. Msaidizi akashuka na mkoba wake. Kamati ikashuka kwa pamoja. Kaimu akashuka. Mkuu akatazama huku na huku, akaona amebaki peke yake juu, jambo ambalo siku zote alikuwa akilitaka, kisha naye akashuka, magoti yakilia kama bawaba kavu. Alijikuta ana kwa ana na picha ya ngao ya kuchomelea. Waliobaki wamesimama ni wanafunzi tu, maana hakuna aliyekumbuka kuwaelekeza.

Mheshimiwa akasoma kwa sauti sentensi ya kijana wa tochi: "Nalinda maduka usiku na kusoma mchana. Kulala nitalala nikihitimu." Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasogea kwa magoti hadi picha inayofuata, na msafara ukasogea kwa magoti, ila Mkuu akabaki kwenye ngao. Akasoma ya Shangazi. Akairudia tena, polepole.

"Ni nani huyo aliyelelewa?"

Kamati ikatazama sakafu.

"Ni usemi tu, Mheshimiwa," Mkuu akasema kutoka kwenye ngao.

"Usemi gani? Mtu kamlea mtu. Nauliza ni yupi." Akaanza kuwatazama wajumbe wa Kamati mmoja mmoja, na kwa kuwa wote walikuwa sura moja, akaacha upesi.

Kaimu alikuwa anatazamana na picha. Shangazi alimtazama kutoka kwenye fremu, utepe shingoni. Zamani, kabla ya kila muhula, ni yeye Shangazi aliyepiga magoti mbele yake kumpima kaptula ya shule, pini mdomoni, akimwambia asimame vizuri asije akaonekana mtoto asiye na mtu. Kaimu aliona aibu. Haikuwa mgongano wa maslahi. Ilikuwa aibu ya kawaida, ya mtoto aliyemkana mtu wake. Akajua akisema atarudia chaki mpaka astaafu, na asiposema hatakuwa na haki hata ya hiyo chaki.

"Ni mimi, Mheshimiwa," akasema. "Huyu ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea." Kisha akaigeukia picha, kwa kuwa tayari alikuwa magotini. "Shikamoo, Shangazi."

Mheshimiwa naye alikuwa mtoto wa watu. "Shikamoo, mama," akaiambia picha, kwa heshima zote.

Baada ya hapo halikuwa tena suala la hiari. "Shikamoo," akasema msaidizi. "Shikamoo," ikasema Kamati, sauti moja. Mkuu, ambaye tangu ateuliwe hakuwahi kuanza kumsalimia mtu, alikohoa, akaitazama ngao iliyomficha binti anayelingana na kitinda mimba wake, akasema, "Shikamoo." Mpiga picha wa getini akabonyeza kamera.

Picha, kwa kawaida yake, hazikujibu. Msafara ukabaki magotini ukisubiri, kwa sababu mtu haondoki kabla salamu haijaitikiwa.

Ndipo sauti ikatoka mwisho wa ukumbi, katikati ya wanafunzi.

"Marahaba, wanangu. Haya inukeni, sakafu hiyo ina baridi."

Wakainuka wote ila Mkuu, ambaye magoti yake yalikuwa yamekata shauri vingine. Aliinuliwa na yule binti wa kuchomelea upande mmoja na yule mlinzi wa maduka upande mwingine, nao wakamkung'uta vumbi bila kuombwa.

"Huyu ndiye Mlezi wenu?" Mheshimiwa akauliza, akimnyooshea Kaimu kidole.

"Kaimu," Mkuu akasahihisha, akihema.

"Kaimu wa nini tena? Aliyelelewa hivi anajua kulea. Leteni kalamu." Akatia saini juu ya mgongo wa mjumbe mmoja wa Kamati. Kisha akaagiza kwamba kila mgeni atakayefika chuoni atembezwe ukumbini kwa utaratibu uleule wa magoti, Mkuu akiwa mbele, maana hajawahi kuona unyenyekevu kama huo.

Kaimu aliifuta chaki kwa mkono wa shati lake jeupe. Shangazi alisimama kando akimtazama.

"Umelichafua shati, mwanangu," akasema.

"Nimelichafua, Shangazi."

Wageni watatu baadaye, magoti ya Mkuu yalifanya maamuzi. Aliagiza picha za wanafunzi zipandishwe mpaka usawa wa macho, mtu asome akiwa amesimama. Ila waraka ulikuwa bado hai na saini ilikuwa yake, kwa hiyo picha yake nayo ilibidi ipande juu ya zote. Ilipandishwa mpaka ikagonga dari na bado kiuno kikabaki sambamba na wanafunzi. Kamati ilijadili kumkata Mkuu kiunoni, ikaona jambo hilo lingetafsiriwa vibaya. Ikapitisha kwamba picha ipigiliwe kwenye dari lenyewe, imetazama chini. Sheria ikatimia. Chuo kizima hakuna kilicho juu ya Mkuu isipokuwa bati.

Asubuhi moja Shangazi alipita ukumbini akielekea kipindini, akamkuta Mkuu amelala chali sakafuni, suti kamili, macho juu, anakaza tai.

"Pole, mwanangu. Umeanguka?"

"Hapana, mama. Nipo kazini," Mkuu akasema, na kwa kuwa alikuwa amelala na mwenzake amesimama, akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia Shangazi, akamzunguka taratibu asimkanyage, akawahi darasani.